Mawe Mawili Kutoka Ibra

Nadhir alipomwuliza mama yake kama angependa kufuatana nao Edinburgh, Bi Umkulthum alikuwa amekaa ukumbini, nyumbani kwao Nizwa, akitoboa vitundu vya kofia. Ilikuwa siku ya tatu ya Idi, mwaka wa 1983. Aliichomeka sindano kwenye kitambaa, akavua miwani, na machozi yakamtoka bila kelele.

"Hutaki, mama?"

"Nataka. Nataka sana, mwanangu. Mungu akulipe kwa kukumbuka."

Nadhir alifurahi. Hilo neno la kukumbuka hakulitia maanani. Alidhani mama yake anashukuru kwa kutoachwa nyuma. Alikuwa mtu wa ofisi ya maji, mpole, mwenye kupenda mambo yapangwe kwenye karatasi. Edinburgh aliichagua kwa sababu mwenzake wa kazini alimwonyesha picha ya ngome iliyokaa juu ya mwamba katikati ya mji, na yeye anayepita kila asubuhi chini ya mnara wa ngome ya Nizwa akaona itakuwa vizuri kuzilinganisha.

Mama yake alielewa jambo jingine kabisa. Ndugu yake, Hamdun, alikuwa amezikwa Edinburgh.

Bi Umkulthum alizaliwa Unguja mjini, mtaa wa Malindi, kwa baba aliyetoka Ibra kijana na kufungua duka la nguo. Mama yao alifariki Hamdun akiwa na miaka mitatu, yeye Umkulthum kumi na moja. Kwa hiyo yeye ndiye aliyemwogesha, aliyemfunga vifungo vya shati la skuli, aliyemshonea kofia ya kwanza na ya mwisho. Mwaka wa 1955 Hamdun alipelekwa Uskoti kusomea udaktari. Aliandika barua sita. Kipupwe cha pili mapafu yakamshinda. Barua ya saba iliandikwa na mwenzake wa chuoni, kijana wa Mombasa aitwaye Abdullatif, kumweleza baba yao alivyofariki na alivyozikwa.

Barua zote saba zilibaki katika mtoto wa meza, katika nyumba ya Malindi, walipoondoka mwaka wa 1964 na walichoweza kushika mikononi. Bi Umkulthum hakuzilalamikia. Alikuwa anazijua kwa moyo. Alikwenda nazo hivyo hivyo hadi Kairo, na kutoka Kairo hadi Ibra mwaka wa 1972, na kutoka Ibra hadi Nizwa Nadhir alipopata kazi. Mumewe alikufa, baba yake alikufa, yeye akaendelea kushona kofia. Hamdun hakutajwa. Si kwa ugomvi wala aibu. Nyumbani ilisemwa tu kwamba alifia Ulaya, na mtu akishafia Ulaya watu hawana la kuuliza.

Basi mtoto alipokuja siku ya Idi akataja Edinburgh kwa jina, mama angedhani nini? Watu wa Ibra hawafiki mji wenye mtu wao wakaanza kutazama majumba. Kwanza wanakwenda kwa mtu wao, wanasalimu, wanakaa kidogo; majumba baadaye. Ikiwa mtu huyo yuko chini ya ardhi, vilevile.

Wiki moja kabla ya safari alipanda teksi hadi Bidbid, akabadilisha gari pale njia panda, akaenda Ibra kwa binamu yake Marhun, mzee mwenye shamba la mitende kando ya wadi, mto uliokauka. Wakashuka pamoja kwenye kokoto. Bi Umkulthum aliinama, akaokota, akatupa, akaokota tena. Alitaka mawe marefu, bapa, yanayoweza kusimama. Makaburi ya kwao hayaandikwi majina. Mwanamume huwekewa mawe mawili, moja kichwani na moja miguuni. Mwanamke huwekewa matatu. Mpita njia anajua ni nani aliyelala hapo kwa kadiri inayomtosha.

Marhun alihesabu. "Umechukua matano."

"Mawili ya Hamdun. Matatu yangu, yakae tayari. Nyinyi wanaume mkiachiwa mtaokota lolote."

"Na mimi nani ataniokotea?"

"Wewe unaishi humu humu wadini. Lala tu, yatakuja yenyewe."

Marhun alicheka mpaka akakohoa.

Yale matatu aliyaweka kabatini Nizwa, chini ya mashuka. Mawili aliyafunga kwenye kanga, akayatia katika mkoba wake mweusi, na mkoba huo hakumpa mtu. Uwanja wa ndege askari aliyeufungua alimtazama yeye, akayatazama mawe, akamtazama tena.

"Mawe, mama?"

"Mawe, baba."

Askari alifunga zipu. Nadhir alikuwa mbele na pasi mkononi, hakuona.

Walifika Edinburgh kwa treni Ijumaa usiku: Nadhir, mkewe Fawziya, binti yao Hamda wa miaka saba, na Bi Umkulthum. Jumamosi ilikuwa siku yao moja tu. Jumapili alfajiri walikuwa warudi London. Nadhir alikuwa amechora siku nzima kwenye karatasi. Asubuhi, baada ya kuzungusha dira yake ndogo chumbani na kuhakikisha kwamba kibla cha jana hakikuhama, aliisoma karatasi kwa sauti. Ngome. Mtaa wa kale. Kanisa kuu, kwa nje. Chakula. Jumba la wafalme. Maduka.

Bi Umkulthum alisikiliza hadi mwisho. Makaburi hayamo. Akajiambia labda ni jambo lisiloandikwa. Mwanawe ana haya, atalisema wakati wake. Akachukua mkoba.

Walipanda mtaa wa mawe meusi kuelekea ngomeni. Mvua ilikuwa haijaamua. Hainyeshi wala haiachi, inaning'inia, na kila alipovuta pumzi Bi Umkulthum alikumbuka barua ya pili: *Dada, mvua ya huku haianguki, inakaa hewani kama mvuke wa chungu ila ni baridi.* Pembeni vilikuwapo vichochoro vinavyoshuka kwa ngazi katikati ya nyumba ndefu, vyembamba, vya kupita mtu na mwenzake kwa kujibana. Barua ya tatu: *Ungeletwa huku ukiwa umefungwa macho ungesema uko Malindi, mpaka baridi ikuume.*

Fawziya alikuwa mtu wa Sur, wa nyumba ya manahodha, mwalimu wa skuli, na kimya hakikuwa desturi yake. Kiswahili alikisomea kwa mkwewe, katika jiko la mkwewe, na kilitoka na viungo vyote.

"Mama, nipe huo mkoba nikuchukulie."

"Siuchoki."

"Unainama upande mmoja kama jahazi lililopakiwa vibaya. Umetia nini? Halwa ya kumhonga malkia?"

"Malkia hali halwa ya Nizwa. Hana meno hayo."

Hamda alijaribu kuunyanyua kwa mikono miwili. "Bibi, hii mkoba iko nzito!"

"Mkoba *huu mzito*, we mtoto. Kiswahili chako kitaniua kabla ya siku zangu."

Kwenye jiwe la kwanza la ngome Nadhir alianza kupiga picha. Alimsimamisha mama yake mbele ya lango, kando ya mzinga, kando ya mzinga mwingine. Alieleza kuta zina unene gani, mwamba una kimo gani. Mama yake aliitikia. Alikuwa akimtazama mdomo, akingoja. Saa tatu na nusu, saa nne, saa tano. Kila Nadhir alipofungua karatasi yake alijisogeza karibu, na kila mara lilikuwa jambo la ngome.

"Si nzuri, mama?"

"Nzuri. Kubwa. Ya Nizwa ina mnara wa mviringo, hii haina."

"Basi tumekuja bure," alisema Fawziya. "Tungekaa nyumbani tukatazama ya kwetu na viatu vyetu vikavu."

Mvua ikaamua. Fawziya alikimbilia kibanda, akarudi na mwavuli mweusi wenye ncha ndefu ya chuma. Wakasimama chini yake wanne, kwenye uwanja wa juu unaotazama mji wote, pamoja na watu wengine wengi waliokuwa wamekusanyika wakitazama mzinga mmoja na askari aliyesimama wima kando yake. Nadhir hakujua wanangoja nini. Hilo halikuwamo katika karatasi.

Mzinga ulilia. Hamda alipiga ukelele akajificha ndani ya abaya ya mama yake. Fawziya aliacha mwavuli ukaanguka. Nadhir, mwanamume mzima, aliruka hatua nzima nyuma na kamera yake.

Bi Umkulthum hakutikisika. "Saa saba," alisema.

Nadhir alitazama saa yake. Saa saba kamili. "Ulijuaje?"

"Kila siku saa saba mchana wanapiga, isipokuwa Jumapili. Ni wa kurekebishia saa. Hamdun aliniandikia. Wiki ya kwanza alijitupa chini ya meza, wenzake wakamcheka."

"Hamdun yupi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza jina la jirani. Na ndipo Bi Umkulthum alipojua kwamba mwanawe hakukumbuka lolote, kwa mara moja, kuanzia siku ya Idi mpaka pale alipokuwa amesimama.

"Mjomba wako," alisema. "Ndugu yangu."

"Khali Hamdun? Yule aliyefia London?"

"Alifia hapa."

Watu walitawanyika. Nadhir alifunga kamera, akaifungua, akaifunga. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepekua mfuko na kukuta umetoboka.

"Kwa nini hukunambia, mama?"

"Nilidhani wewe ndiye uliyenambia."

Bi Umkulthum alitaka kumkasirikia mwanawe, akaona hana pa kuanzia. Mtoto huyu alikuwa na miaka mitano Hamdun alipokufa. Nani alimpa habari? Barua saba alikuwa nazo kichwani, na katika miaka ishirini na sita hakumsomea hata moja. Alizikunja na kuziweka kama zilivyokuwa katika ule mtoto wa meza. Kukumbuka alikumbuka peke yake, kisha akashangaa kwamba mwenziwe hakumbuki.

Fawziya ndiye aliyeinama kuokota mwavuli, na alipoinama akaushika mkoba. Aligusa kwa nje, akafuata ukingo kwa kidole. Kwao Sur nako wanaweka mawe. "Mawili," alisema polepole. "Umeyabeba kutoka nyumbani."

"Kutoka Ibra."

"Nadhir," alisema Fawziya, "mama yako amepanda ngome nzima na kaburi mkononi."

Nadhir alikaa kwenye ukuta uliolowa. Kisha akasema jambo ambalo mama yake alilitarajia tangu Nizwa. "Lakini wanawake kwenda makaburini, mama... Watu wa kwetu watasemaje?"

"Watu wa kwetu wako wapi hapa?" alisema Fawziya. "Huyu askari wa mzinga?"

"Mimi sikuja kulia," alisema Bi Umkulthum. "Nikitaka kulia nalia nyumbani. Nimekuja awekewe mawe yake, mtu ajulikane kuwa ni mwanamume na ana watu. Wewe utayaweka. Mimi nitasimama mbali, ukipenda."

Nadhir aliitazama karatasi ya siku: jumba la wafalme, maduka. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. "Makaburi gani?"

Jina Bi Umkulthum alikuwa nalo. Alilitamka kama Abdullatif alivyoliandika, na lilitoka Kiarabu kidogo na Kiswahili kidogo, ikabidi Nadhir aulize watu watatu mtaani ndipo wa nne akasema ah, yale ya kusini, mbali, na yanafungwa saa kumi na moja. Walishuka bustanini, wakala mkate, wakasali adhuhuri na alasiri pamoja kwenye nyasi zilizolowa, dira ikiwa mbele ya Nadhir. Kisha basi. Basi liliwapeleka njia siyo, wakarudi, wakapoteza saa nzima. Mwishowe teksi.

Ndani ya teksi Bi Umkulthum aliwasomea barua ya saba. Aliisema kwa sauti ya kawaida, akitazama dirishani. Kwamba Hamdun alizikwa na vijana sita: yeye Abdullatif, Wahindi watatu, Msudani na Mnigeria. Kwamba walimwogesha wenyewe, wakiulizana, kwa sababu hakuna kati yao aliyewahi kuosha maiti. Kwamba mlinzi wa makaburi aligomba. Makaburi yote pale yako kwenye mistari, na wao wakachimba kuelekea kibla, na kibla kilikata mistari. Mlinzi alisema wanamharibia safu. Wakamwambia samahani, bwana, huyu halali kwa safu yako.

Fawziya alicheka huku akijipangusa macho. Nadhir hakucheka. "Walikuwa na umri gani, hao vijana?"

"Ishirini. Ishirini na moja."

Lango walilifikia saa kumi na robo tatu. Kijumba cha ofisi kilikuwa kimefungwa. Jumamosi hakuna mtu. Nadhir aligonga hata hivyo, kwanza kwa kidole, kisha kwa ngumi. Ndani ya ukuta makaburi yaliteremka mteremko mzima, mamia kwa mamia, mawe ya kijivu yenye maandishi, yote yakitazama upande mmoja.

"Bila nambari hatupati," alisema Nadhir. "Mama, robo saa tu. Tungeweza kuja asubuhi, lakini treni ni alfajiri..." Alikuwa ameshika kichwa.

Bi Umkulthum hakuwa akimsikiliza. Alipita lango, akasimama juu ya mteremko, na akayatazama makaburi kama anavyoitazama kofia iliyokwisha kushonwa, akitafuta tundu lililokosea. Mstari, mstari, mstari. Chini kabisa, karibu na ukuta, chini ya mti mfupi, palikuwa na kipande cha ardhi kilichozungushiwa matofali mekundu. Hakina jiwe. Kimelala mshazari, kimezikata safu mbili.

"Yule pale," alisema.

Nadhir alikimbia. Alipofika alitoa dira, akapiga goti, akaiweka juu ya tofali. Sindano ilitetemeka, ikatulia. Alibaki ameinama hivyo muda kidogo, kisha akainua mkono kumwita. Mama alikuwa amesimama mbali, kama alivyoahidi. Nadhir alimwita tena.

Alishuka polepole, Hamda amemshika mkono. Wakasimama, Nadhir akasoma Fatiha kwa sauti, wengine wakimfuatia. Mkoba ukafunguliwa, kanga ikafunguliwa, na mawe mawili ya rangi ya udongo wa Ibra yakawa juu ya nyasi za kijani kibichi kupita kiasi.

"Kichwa kiko wapi?" aliuliza Nadhir.

"Simama uelekee kibla. Kichwa mkono wako wa kulia."

Alichimba kwa ncha ya mwavuli wa Fawziya, akitoa udongo kwa vidole, suruali ikajaa matope. La kichwani liliingia vizuri. La miguuni lilikataa kusimama. Alilitoa mara mbili akachimba tena.

Mzee mmoja alikuwa akija na baiskeli kutoka langoni, funguo zinalia kiunoni. Nadhir aliinuka haraka, akaanza kueleza kwa Kiingereza cha ofisini. Mzee alisikiliza, akatazama mawe, akasema maneno machache, akavua kofia na kusimama kando akingoja.

"Amesemaje?" aliuliza Bi Umkulthum.

"Amesema kaburi hili ndilo linalompa tabu akikata majani. Kila mara lazima alizunguke."

Bi Umkulthum alicheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, kifupi, cha msichana wa Malindi. "Mwambie alikuwa hivyo hivyo nyumbani. Ukifagia, yeye yuko katikati."

Nadhir alimwambia. Mzee aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyethibitishiwa alichokuwa akikishuku.

Picha Nadhir hakupiga, ingawa filamu ilikuwa bado haijakwisha. Hamda aliuliza kwa nini mawe ni mawili tu, na Fawziya akamweleza njiani kuelekea langoni. Mtoto alifikiri. "Na Bibi?"

"Yangu yako kabatini," alisema Bi Umkulthum. "Chini ya mashuka. Yasiguswe."

Jumba la wafalme hawakuliona. Alfajiri walikuwa kwenye treni, Hamda amelala mapajani mwa mama yake, na mkoba mtupu umetundikwa kwenye kulabu ukicheza na mwendo. Nadhir alikaa mkabala na mama yake. Matope bado yalikuwa chini ya kucha. Alitazama nje muda mrefu, mashamba na kondoo, kisha akauliza bila kumgeukia:

"Alikuwa mtu wa namna gani, mama?"

Bi Umkulthum alitafuta pa kuanzia. Alikuwa na barua sita na miaka ishirini na miwili ya uhai wa Hamdun, na kufika London kulibaki karibu saa tano.

"Alikuwa akiogopa paka," alisema.

Nadhir alisogea mbele, viwiko juu ya magoti.